Sharti la Vaileth

Vaileth hakuwahi kuibiwa kitu cha maana maishani mwake, lakini aliishi kama mtu aliyepanga nyumba moja na wezi. Sukari aliifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Akiacha chungu cha maharage jikoni, alikumbuka maharage yalifika wapi. Na mkoba wake, jamani, huo hakuuacha. Akienda dirisha la dawa anao, akienda kuchota maji ya kunywa anao, akienda msalani anao pia. Wenzake pale kituo cha macho Ibadakuli walimtania mpaka wakachoka. "Na mkoba nao umebanwa?" walikuwa wakimuuliza akipita. Naye hakukasirika. Aliwajibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kisha akaendelea na safari yake.

Tusimcheke sana. Alizaliwa Ushirombo katika nyumba ya wakulima wa pamba, na baba yake, mzee Dominiko, alimfundisha tangu mdogo kusimama nyuma ya mpimaji na kuangalia mguu wa mpimaji, siyo mizani. Mizani haina kosa, alisema mzee, mguu ndio unaosukuma. Mtoto aliyelelewa hivyo, hata kanisani ukimpa mkono wa amani atatazama ule mkono wako mwingine uko wapi.

Kazi yake ilimfaa. Alikuwa ndiye mtunza kanzidata ya kituo, yaani kila mtoto aliyeletwa pale na macho yake aliingia kwenye majedwali aliyoyasimamia yeye. Na aliipenda kanzidata kuliko alivyowapenda watu wengi, kwa sababu ya masharti yake. Binadamu ukimwambia asiache pengo, ataacha. Safuwima ukiiwekea sharti kwamba isiwe tupu, haiwi tupu, hata uibembeleze. Ukiweka sharti kwamba umri usiwe chini ya sifuri, hakuna karani mwenye usingizi atakayeandika mtoto ambaye hajazaliwa. Ukisema matibabu yasiandikwe kwa mtoto asiyekuwamo kwenye jedwali la watoto, basi mtoto hewa hatibiwi. "Hapa ndipo penye neno la kweli," Vaileth alikuwa akisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. Huo ndio uaminifu pekee aliouamini.

Aliyekaa naye chumba kimoja, meza ya mapokezi, alikuwa muuguzi Suzana. Mungu ana utani wake. Suzana alikuwa mtu wa milango wazi. Mkoba wake ulilala mezani umeachama kutwa nzima, na mtoto akilia foleni alimwambia mama yake, "Ingiza mkono humo, kuna peremende." Vaileth alikuwa akiutazama mkoba ule ulioachama na roho yake inamuuma, kana kwamba ni wa kwake. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, wakachangia vitafunio na misiba, na Suzana ndiye aliyemsimamia Vaileth jikoni siku ya matanga ya mzee Dominiko. Lakini hata siku hiyo Vaileth alihesabu sahani.

Sasa alikuja mwanamke kutoka Nyarugusu, anaitwa Serafina, ila kwa kuwa ana watoto pacha, na pacha wa kwanza huitwa Kulwa, kila mtu alimwita Mama Kulwa. Kazi yake kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, na vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kwenye kope. Aliwashika mkono watoto wake wawili wa kiume, Kulwa na Doto, mabasa kama wanavyosema Wasukuma, na wote wawili walikuwa na mtoto wa jicho. Ukungu mweupe ulikuwa umetanda katikati ya mboni, na walitembea wameinua nyuso juu wakitafuta mwanga. Daktari bingwa wa upasuaji wa watoto alikuwa anatarajiwa kutoka Mwanza. Huyo haji mara kwa mara. Lenzi na dawa za usingizi zinaletwa kwa kufuata orodha inayotumwa kwake mapema, na mtoto asiyekuwamo kwenye orodha habahatishiwi. Nafasi zenyewe zina kikomo.

"Mwangaluka," Suzana alimsalimu, akawapakata watoto, akawaandika. Kulwa kwanza, Doto baadaye, kama walivyotoka tumboni. Mashine ikasema imehifadhi. Mama Kulwa akasema jambo moja kabla ya kuondoka, na alilisema mara mbili ili lisisahaulike. "Dada, hawa kwetu hawatenganishwi. Mmoja akivalishwa nguo, na mwenzake anavalishwa. Mkimpasua mmoja, mwingine atabaki na kinyongo na ataugua. Nikikuta jina moja halipo, nawarudisha wote nyumbani." Suzana akamwambia aende kwa amani.

Wiki ile Vaileth alipochapa orodha ya rasimu, Doto alikuwamo, Kulwa hayumo. Akamwonyesha Suzana. Suzana akashangaa, akasema labda alisahau, akamwandika Kulwa tena. Kesho yake Kulwa yumo na Doto hayumo. Na ile nafasi ya Doto ikawa imejazwa na mtoto aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri, binti wa bwana mmoja anayeitwa Paschal, mnunuzi wa dhahabu, mtu wa shati jeupe na pikipiki mpya.

Hapo moyo wa Vaileth ukasimama wima, maana alikuwa amemwona Paschal kwa macho yake. Alikuja asubuhi moja na jogoo mwekundu amefungwa miguu, akamkabidhi Suzana mlangoni, wakacheka. Jogoo akashinda chini ya meza ya mapokezi mpaka saa ya kutoka, akiwadonoa wagonjwa vidole. Jogoo haendi ofisini bure. Vaileth aliunganisha jogoo na pikipiki, pikipiki na nafasi, nafasi na Doto, na hesabu ikatoka sawasawa. Hakumuuliza Suzana. Mtu ukimuuliza unampa nafasi ya kutunga. Alikwenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi, Daktari Theonest, akafunga mlango, akamweleza kila kitu.

Theonest alikuwa mtu mpole asiyependa kelele, na watu wa namna hiyo ndio hutoa hukumu za haraka ili kelele ziishe. Alimwita Suzana.

"Jogoo ni kweli nimepewa," Suzana alisema. "Mtoto wa Paschal nimemsimamia mimi ubatizo. Kila mwaka siku ya ubatizo wake baba yake ananiletea jogoo. Paroko anajua."

"Na Doto?" aliuliza Vaileth. "Doto naye ana msimamizi wa kumfuta?"

Suzana alimgeukia. Hakupandisha sauti. "Vaileth, wewe unanijua."

"Nakujua mchana wa hapa kazini. Mengine sijui."

Mganga mfawidhi akasema Suzana akapumzike nyumbani mpaka jambo lichunguzwe, na nywila yake ifungwe. Suzana alichukua kanga yake, akauchukua na mkoba wake, akafunga zipu. Vaileth aliiona ile zipu ikifungwa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akaridhika na mkoba ule. Alijisikia vizuri siku hiyo, tusimfichie. Mwenye shaka akipata alichokishuku hulala usingizi mtamu kuliko mtu yeyote.

Mama Kulwa alirudi mwanzoni mwa wiki iliyofuata, na watoto wake, kuhakikisha. Habari za jogoo zilikuwa zimemfika hata kabla hajakanyaga geti. Benchi la wagonjwa halina siri. Vaileth alimkaribisha mwenyewe kwenye kiti cha Suzana, akamwambia asiwe na wasiwasi, mambo sasa yako kwenye mikono safi. Kulwa tayari alikuwamo. Vaileth akamwandika Doto kwa vidole vyake mwenyewe, herufi kwa herufi, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, kijiji. Mashine ikasema imehifadhi. Akachapa orodha, akamsomea Mama Kulwa kwa sauti.

Doto alikuwamo. Kulwa alikuwa ametoweka.

Vaileth alitazama mlango. Hakuna mtu. Suzana alikuwa kwake Ngokolo na nywila yake imefungwa. Akamwandika Kulwa upya, akachapa. Kulwa yumo. Doto hayumo. Chumbani alikuwamo yeye, yule mama na watoto wawili wanaotazama dari.

Mama Kulwa aliangalia zile karatasi mbili zilivyotoka. Kusoma hakujua vizuri, lakini jina la mtoto wake alilijua lilivyo. Akamtazama Vaileth kwa jicho ambalo Vaileth alilifahamu sana, kwa kuwa ni lake mwenyewe.

"Na wewe umepewa jogoo?" aliuliza.

Vaileth alimwomba asubiri nje, na mama yule akasema atasubiri getini, si ndani, mpaka adhuhuri, baada ya hapo anapanda gari la Geita na watoto wake wote wawili na vipofu watabaki vipofu. Orodha nayo ilikuwa ipelekwe Mwanza siku hiyohiyo.

Unafikiri Vaileth aliacha kushuku? Thubutu. Alihamisha tu shaka kutoka kiti hadi kiti. Kama si Suzana, basi ni Hozefa. Hozefa ndiye aliyewatengenezea mfumo huo, mwenye duka la kompyuta kule mjini, Mhindi wa Shinyanga tangu babu wa babu, Kisukuma chake kikiwa kizuri kuliko cha Vaileth aliye Msumbwa. Nani mwingine anaweza kupandikiza kitu ndani kabisa, mahali ambapo karani haoni? Simu hakumpigia. Mtu ukimuuliza unampa nafasi ya kutunga. Vaileth akaamua kuiuliza kanzidata yenyewe.

Maana kanzidata ina tabia moja ambayo laiti binadamu wangekuwa nayo. Haifichi sheria zake. Mbali na majedwali ya watoto na matibabu, inatunza pia habari zake yenyewe, na inazitoa kwenye mionekano maalumu ambayo unaisoma kama unavyosoma jedwali lolote. Mwonekano mmoja unakutajia kila sharti lililowekwa, kwa jina lake na aina yake. Mwingine unakwambia sharti hilo limekamata safuwima zipi. Huhitaji kumwamini aliyeandika. Unauliza, unajibiwa.

Vaileth akauliza. Jibu likaja tupu. Hakuna sharti hata moja.

Damu ikampanda kichwani. Masharti yapo, aliyajua yapo, mengine aliyaomba yeye. Hozefa ameyaficha, akajisemea, na anayeficha ana sababu. Alishainuka kwenda kumwambia mganga mfawidhi aite polisi, mkoba begani, alipokumbuka kwamba alikuwa ameingia kwa akaunti ya kusoma tu, ile anayochapia orodha. Na mionekano ile inatazama kwanza anayeuliza ni nani. Anayeruhusiwa kusoma tu haonyeshwi masharti ya jedwali lisilo lake. Nywila ya akaunti inayomiliki majedwali ilikuwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya kabati la Theonest. Nani aliyeshikilia kwamba ifungwe kwa lakiri ili hata yeye asiione bila shahidi? Vaileth.

Theonest akafungua bahasha, akaketi pembeni kama shahidi. Vaileth akaingia upya, akauliza swali lilelile, na safari hii mistari ikashuka. Sharti la umri. Sharti la kutokuwa tupu. Sharti la matibabu kumfuata mtoto. Na moja katikati, la upekee, ambalo hakulikumbuka. Akauliza mwonekano wa pili limekamata nini. Limekamata safuwima mbili, jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Maana yake mama mmoja, siku moja, mtoto mmoja. Vaileth akarudisha macho kushoto, kwenye jina la sharti, akalisoma. Theonest naye alilisoma, kwa sauti, kwa sababu hakujua kinachoendelea.

"Sharti la Vaileth," alisema. "Hili ni lako?"

Hapo akampigia Hozefa. Hozefa alipokea kwa furaha, akauliza habari za kazi na za nyumbani kama watu waliolelewa vizuri wanavyofanya, na Vaileth akamkatiza.

"Dada Vaileth, umesahau?" alisema Hozefa. "Mwaka jana ulikuja dukani umewaka. Ukasema wazazi wanakula nafasi, wanamwandika mtoto mmoja mara mbili, leo kwa jina la nyumbani, kesho kwa jina la ubatizo. Ukasema jina la mtoto nisiliamini kabisa, niangalie mama na tarehe tu. Na fomu isikatae, isije ikamshtua mdanganyifu. Iandike mapya juu ya yale ya zamani, kimyakimya. Nikaweka. Nikalipa jina lako ili watu wajue ni la nani."

"Na mapacha?"

"Nilikuuliza. Ulisema mapacha ni ujanja mwingine."

Vaileth alikata simu taratibu. Katika nchi nzima ya Wasukuma, ambako huwezi kutupa jiwe sokoni lisimpate Kulwa au Doto, yeye mtoto wa Ushirombo alikuwa ameweka sheria kwamba pacha hawapo. Kila Suzana alipomwandika mmoja, fomu ilimchukulia kuwa ni yuleyule kaja kwa jina la pili, ikamfuta mwenzake. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na mlinzi tu, na mlinzi alikuwa yeye. Aliona aibu, aibu ya kweli inayopandisha joto masikioni, na Theonest aliyeketi pembeni akaangalia dirishani ili asimwone.

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Hozefa alikuja mwenyewe kwa pikipiki, akaongeza safuwima ya kutaja mtoto ni wa ngapi katika uzao huo, sharti likatanuliwa likamate na hiyo. Vaileth akamwandika Kulwa, wa kwanza. Akamwandika Doto, wa pili. Akachapa. Theonest akampigia daktari wa Mwanza kumsihi aongeze mtoto mmoja, ili binti wa Paschal naye asiondolewe kwa kosa lisilo lake, na daktari akanung'unika halafu akakubali.

Vaileth akatoka mbio kwenda getini na karatasi mkononi, na wauguzi waliokuwa uani wakagutuka, kwa maana mkoba ameuacha mezani. Mama Kulwa alikuwa ameshawafunga watoto kanga, amesimama. Hakuichukua karatasi. Alimfuata Vaileth ndani, akainama kwenye kioo, akatafuta majina ya wanawe mwenyewe kwa kidole chenye vumbi la mawe, akayakuta yote mawili, moja chini ya jingine. Kisha akamgeukia Vaileth, akamwambia, "Yule muuguzi mliyemfukuza ndiye aliyewapakata watoto wangu."

Watoto walipasuliwa. Siku walipofunguliwa bandeji, Doto alimwona kwanza nduguye, akamgusa pua, akauliza huyu ni nani. Kulwa akacheka. Mama yao alilia mpaka ikabidi atolewe nje, na Vaileth, aliyekuwa mlangoni, akalia pia na hakuangalia nani anamtazama.

Theonest alimwandikia Suzana kumrudisha kazini na kumwomba radhi. Suzana alijibu kwa heshima kwamba amepata nafasi kwenye zahanati karibu na kwake, na hatarudi. Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, Vaileth alikwenda Ngokolo kwa miguu, amenunua sukari na sabuni, maneno ameyapanga njia nzima.

Suzana alimfungulia. Hakununa. Alimkaribisha sebuleni, akamkalisha kwenye kochi zuri, akamsikiliza mpaka mwisho, habari za sharti, za fomu, za Doto kumgusa mwenzake pua. Pale penye Doto alitabasamu. Vaileth akasema, "Nimekukosea, dada. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe," alisema Suzana. "Nilikusamehe siku ileile. Ngoja nikuletee chai."

Na alisema kweli, ilionekana usoni. Akainuka kwenda jikoni. Alifika mlangoni akasita, akarudi hatua chache, akauchukua mkoba wake uliokuwa kwenye kiti karibu na Vaileth, akautia begani, na akaenda nao jikoni.